Leo basi ya Madison haipiti hapa: kongre ya chama inamfanyia nini mtu wa kupanda basi



Kila mtu wa Bukavu anaijua ile sentensi: "Barabara imefungwa, mushuke." Shofere anazima moteri, resevere anajifanya hajasikia wenye kuomba pesa yao, na watu wanaanza kupanda mulima na miguu. Mimi siku moja nilikuwa natoka Panzi na sampuli za udongo ndani ya mfuko wa mchele, kama kilo kumi na tano, za kazi yangu ya mwisho ya lisansi. Kulikuwa mukutano wa wakubwa mjini. Polisi alinyoosha mkono, na ikawa vile. Nilifika labo nimechelewa saa mbili nzima, mwenye funguo amekwisha kwenda, na mfuko ukalala inje. Usiku mvua ikanyesha. Wenye kusoma kilimo munaelewa: udongo wenye umepigwa na mvua hauwezi tena kukupa unyevu wa kweli wa shamba. Wiki iliyofuata nilirudi kuchimba upya.

Tangu siku ile nimekuwa na ulizo moja kichwani. Wakubwa wanakutana kila mahali duniani, haiko hapa kwetu tu. Sasa kwa wengine, mtu wa kupanda basi anafanywa namna gani? Nimetafuta mfano wenye uko wazi, nikaupata Chicago, Marekani. Nimeuchagua juu ya sababu mbili. Ya kwanza, hakuna mji mwingine wa Marekani wenye umepokea kongre nyingi za vyama kama ule: kuanzia 1860, mwaka Abraham Lincoln alichaguliwa pale kuwa mgombea wa chama chake, mpaka 2024, ni mara 26. Ya pili, ndugu zetu wako kule. Mwaka wa bajeti wa 2023, na tena ule wa 2024, Congo ilikuwa ya kwanza kati ya inchi zote ambazo wakimbizi wao walipokelewa Marekani. Kwa hiyo tukisema "mtu wa kungoja basi Chicago", anaweza kuwa mtu wa Uvira au wa Masisi anayekwenda kazini saa kumi na moja ya asubui.

Kwanza tuelewane juu ya neno kongre. Kila miaka minne, kila kimoja cha vyama viwili vikubwa, Republican na Democratic, kinakusanya wajumbe wake kutoka majimbo yote ndani ya mji mmoja, siku nne, ili kumtaja rasmi mgombea wa urais. Wajumbe ni maelfu, na nyuma yao kunakuja waandishi wa habari, walinzi, wenye kuandamana, wenye kuuza fulana. Chicago 2024 ilijitayarisha kupokea watu karibu 50,000. Wote hao wanalala katika hoteli za katikati ya mji, mchana wanafanya vikao kwenye jengo la McCormick Place kando ya ziwa Michigan, mangaribi wanabebwa kwenda United Center, uwanja wa mpira wa kikapu ulioko upande wa mangaribi. Kila siku hivyo, siku nne. Na mji haufungi. Wagonjwa wanakwenda hospitali, wapishi wanakwenda jikoni, na hata hoteli zenyewe zinaoshwa na watu wenye kupanda basi.

Lakini mbele ya 2024 lazima tupite kwenye 1968, juu ile njo shule kubwa.

Agosti 1968 kongre ya Democratic ilifanyika katika jengo lililoitwa International Amphitheatre, kusini ya mji, kwenye barabara ya Halsted. Jirani yake ilikuwa Union Stock Yards, soko la ng'ombe na nguruwe pamoja na machinjio, lenye kulisha Amerika nyama kwa karibu miaka mia moja. (Wa zootekni, mukitaka kujua harufu ya siasa ilitoka wapi ile wiki, jibu ni hilo. Soko lilifungwa 1971.) Kutoka hoteli za katikati mpaka pale ni kama kilomita nane. Meya Richard J. Daley alitaka mji uonekane safi mbele ya televisheni, basi kando ya barabara yenye wajumbe watapita wakasimamisha uzio wa mbao, ili viwanja vitupu na uchafu visionekane. Jengo lenyewe likazungushiwa waya wa miiba. Vifuniko vya mifereji ya chini ya barabara vikazibwa na lami. Polisi karibu 12,000 wakawekwa kwenye zamu za saa 12. Juu ya hapo kukaja Garde Nationale na askari wa jeshi.

Dunia inakumbuka ile kongre juu ya virungu vya polisi mbele ya hoteli ya Conrad Hilton, usiku wa tarehe 28, wakati vijana walikuwa wanapinga vita ya Vietnam. Hiyo ni kweli, na tume iliyochunguza iliandika kwamba polisi wenyewe njo waliofanya fujo. Lakini kuko jambo lingine lenye vitabu vinapita juu yake mbio. Ile wiki mabasi ya mji hayakuwa yanatembea vizuri, na sababu haikuwa uzio. Mashofere walikuwa wamegoma.

Nani waligoma? Mashofere weusi wa CTA, kampuni ya umma ya usafiri wa Chicago. Katika miaka ya 1960 weusi walikuwa wamekuwa wengi sana kwenye usukani, lakini viongozi wa sendika yao, ile ya Division 241, walibaki wazungu. Kwa nini? Hapa njo pananipendeza kama mtu wa kutafuta sababu ya ugonjwa kwenye mzizi, haiko kwenye jani. Kanuni za sendika ziliwaruhusu waliokwenda pensheni waendelee kupiga kura. Na wenye pensheni, kwa sababu ya historia ya kuajiriwa, walikuwa karibu wote wazungu. Kwa hiyo mtu mwenye ameacha kuendesha basi zamani, anakaa kwake anakunywa kahawa, kura yake ilikuwa na uzito sawa na ya kijana mwenye kuamka usiku kuendesha. Wale mashofere wakaunda kundi lao, wakaliita Concerned Transit Workers. Waligoma mwezi wa saba. Hawakupata jibu lenye kuwaridhisha. Wakagoma tena tarehe 25 Agosti, siku moja mbele ya kongre kufunguliwa.

Muone ile hesabu. Mashofere wa taksi nao walikuwa kwenye mgomo. Wafundi wa kutia simu walikuwa kwenye mgomo tangu mwezi wa tano, na televisheni zikakosa nyaya za kutosha za kuonyesha moja kwa moja kutoka barabarani. Wajumbe walibebwa na mabasi ya kukodi. Na mama wa upande wa kusini, kwenye mitaa ya weusi, ambako mgomo uliuma zaidi, alibaki kwenye kituo. Yaani mashofere weusi walimuumiza kwanza jirani yao mweusi. Hilo walilijua, na njo ugumu wa mgomo wa usafiri popote: mwenye unataka asikie, yeye hapandi basi.

Ndani ya ukumbi wajumbe walikuwa wanagombana juu ya nani ana haki ya kukaa kwenye kiti na kupiga kura. Inje, mwenye kuendesha basi alikuwa anauliza ulizo lile lile juu ya sendika yake. Hakuna aliyeyaunganisha. Mahakama iliamuru mashofere warudi kazini, mgomo ukaishia mwezi wa tisa, na wengine wao wakafukuzwa.

Turuke sasa tufike 2024. (1996 kongre ilipita Chicago pia, katika United Center hiyo hiyo, Bill Clinton akatajwa mara ya pili, na mtoto wa Daley njo alikuwa meya. Mambo yalikwenda bila fujo kubwa, sina la kuongeza.)

Kati ya 1968 na 2024 sheria ya usalama ilibadilika. Tangu 1998, serikali ya Marekani inaweza kutangaza mukutano fulani kuwa tukio la pekee la usalama wa taifa. Ikitangazwa vile, wenye kuchora mpango wa ulinzi hawako tena polisi wa mji, ni Secret Service, wale walinzi wa rais. Bunge linatoa pesa pia: kwa 2024, dola milioni 75 kwa Chicago, na milioni 75 kwa Milwaukee, mji wenye ulipokea kongre ya Republican tarehe 15 mpaka 18 Julai, kama kilomita 150 kaskazini. Ile pesa ni ya usalama. Ndani yake hakuna mstari wa mtu mwenye basi lake limezungushwa.

Mpango wenyewe uko na duara mbili. Duara ya ndani ni ya wenye badji tu, na miguu. Duara ya inje ni ya kuchunguza magari: mwenye nyumba au duka lake liko ndani anaweza kupita, lakini gari linakaguliwa kwanza. Sasa mufikiri basi ya mji. Inabeba watu hamsini, kila mmoja na mfuko wake, na inapita kila baada ya dakika chache kutoka asubui mpaka usiku. Kuikagua kila mara ni kazi isiyowezekana. Kwa hiyo wanafanya kitu rahisi: basi haiingii. Inazunguka.

Na pale njo mambo yanakuwa ya kupendeza, juu ya namna Chicago umejengwa. Mji uko tambarare kama shamba la mpunga, na barabara zake zimekatana mraba kwa mraba. Nyumba zote zinahesabiwa kutoka pahali pamoja, ambapo barabara ya State inakutana na ya Madison. Madison njo mstari wa sifuri: kaskazini yake namba zinapanda, kusini yake zinapanda. Kila namba 800 ni maili moja, kama kilomita 1.6. Upande wa mangaribi, Ashland ni 1600, Damen ni 2000, Western ni 2400. Ukimwambia mtu namba, anajua umbali bila telefone. United Center ni 1901 West Madison. Kwa hiyo tarehe 19 mpaka 22 Agosti 2024 walifunga pahali kwenye mstari wa sifuri wenyewe, karibu na kona ya Damen. Basi namba 20, yenye kutembea Madison, na namba 50, yenye kutembea Damen, zikalazimishwa kuacha njia zao.

Lakini ona: barabara zikiwa mraba, kuzunguka ni kukata kona, kupita barabara ya jirani, na kurudi. Treni za juu nazo ziliendelea kutembea. Wiki mbili mbele ya kongre, tarehe 5 Agosti, kituo kipya cha treni ya Green Line kilifunguliwa pale Damen na Lake, mwendo wa dakika chache na miguu kutoka uwanjani. Watu wa mtaa ule walikuwa wamekingoja miaka mingi.

Sasa wacha niwaelezee kitu chenye abiria wengi hawakioni, hata hapa kwetu. Kuzunguka hakuchelewesheshi tu mtu mwenye iko ndani ya basi. Tuweke mfano wa hesabu. Njia moja, kwenda na kurudi, inachukua dakika 80. Unataka basi ipite kila dakika 10. Unahitaji basi 8. Sasa barabara imefungwa, mzunguko unaongeza dakika 20: safari inakuwa dakika 100. Na basi zako ni zile zile 8. Gawa 100 kwa 8: sasa inapita kila dakika 12 na nusu. Mtu mwenye anaishi kilomita kumi mbali na kongre, mwenye hata hajui nani anagombea, naye anangoja zaidi. Kurudisha zile dakika 10 unahitaji basi 10 na mashofere wa kuziendesha, na mashofere hawaoti kama maragi.

Na hapo bado hatujafika kwenye ubaya wenyewe. Basi ya kwanza ikichelewa kidogo, watu wanajaana kwenye kituo. Kuwapandisha kunachukua muda, kwa hiyo inachelewa tena. Basi ya nyuma inakuta vituo vitupu, inakimbia, inaifikia ya mbele. Muda kidogo munaona basi mbili zimefuatana kama ng'ombe na ndama, ya mbele imejaa mpaka mlangoni, ya nyuma tupu, na nyuma yao hakuna kitu nusu saa. Wenye kufanya umwagiliaji wanajua hii tabia: ukiziba mfereji mmoja saa moja, shamba la chini halipati maji kwa saa moja baadaye. Linapata mafuriko, kisha ukavu, kisha mafuriko. Dawa yenye wasimamizi wa mabasi wanatumia ni kuisimamisha kidogo basi ya nyuma, hata kama abiria wa ndani wanakasirika. Ni dawa chungu, lakini inafanya kazi.

Wajumbe wenyewe waliyaonja. Usiku wa kwanza, Jumatatu tarehe 19, mabasi yao ya kukodi yalikwama, foleni za kuingia zikawa ndefu, programu ikachelewa. Mwimbaji James Taylor alikuwa amepangiwa kuimba, wimbo wake ukaondolewa. Rais Joe Biden alianza kusema karibu saa nne na nusu ya usiku. Wakati wa kurudi hotelini, watu wenye badji shingoni walisimama usiku wa manane wakingoja basi. Magazeti yaliandika sana juu yao. Juu ya mwenye kuosha vyumba vyao, mwenye alipaswa kuwa hotelini alfajiri na basi yake inazunguka, waliandika kidogo sana. Mchana ule ule wenye kuandamana juu ya Gaza walivunja kipande cha uzio wa inje, na saa ile barabara nyingine tena zikafungwa bila kupangwa. Mpango wa kuzunguka unaweza kuchorwa vizuri kwenye karatasi. Ukivunjwa katikati ya mchana, shofere anabaki na redio yake tu.

Kuko kitu kingine kidogo chenye kinaokoa mufuko. Chicago basi moja ililipwa dola 2.25. Ukishuka na kupanda nyingine ndani ya saa mbili, na karti yao, haulipi tena bei nzima. Kwa hiyo ukilazimishwa kuvunja safari vipande viwili, haulipi mara mbili. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Hapa kwetu kila kipande kinalipwa kama safari mpya. Barabara ikifungwa, resevere anakushusha katikati na pesa yako iko kwake. Unatembea, unapanda motari, unalipa tena. Gharama ya mukutano wa wakubwa inatoka mufukoni mwa mwanafunzi, faranga kwa faranga, na hakuna daftari lenye linaiandika.

Sasa turudi nyumbani, lakini tusilinganishe kiupumbavu. Mtu anaweza kusema: tufanye kama Chicago, basi izunguke. Izungukie wapi? Bukavu iko kwenye rasi zenye kuingia ndani ya ziwa na milima yenye kuteleza. Kutoka Panzi kuja Essence, kutoka Essence kufika Nyawera, barabara ya gari yenye kubeba uzito wa mji ni kama uzi mmoja. Ukikata uzi hakuna mraba wa jirani. Vichochoro vya Kadutu viko, lakini ni vya miguu, na wakati wa mvua hata miguu inafikiri mara mbili. Kwa hiyo kwetu kufunga kwa siku nzima ni kitu kingine kabisa. Mahali penye uzi mmoja, chenye kinaweza kupangwa ni saa, haiko njia.

Na saa inawezekana. Msafara wa mkubwa unapita dakika kumi. Kwa nini barabara inafungwa saa nne? Nimewauliza watu wawili watatu wenye kufanya kazi ya ulinzi, jibu ni moja: hakuna mwenye anajua saa ya kupita, kwa hiyo wanafunga tangu asubui ili wasikosee. Chicago nao wanaogopa, tena wana sababu: mwezi mmoja mbele ya kongre, tarehe 13 Julai 2024, Donald Trump alipigwa risasi kwenye sikio katika mukutano wa kampeni. Lakini tarehe na saa za kufunga zilijulikana mbele. Ramani ya duara mbili ilitangazwa wiki mbele, CTA ikatangaza njia za basi zenye zitahama, na mwenye kufungua duka aliweza kupanga. Hawakuacha kufunga barabara, ila mtu alijua Ijumaa kwamba Jumatatu basi yake haitapita pale.

Kwetu tangazo la namna ile halihitaji milioni 75. Redio za hapa zinasikilizwa kila asubui. Ushirika wa mashofere uko na namba za telefone za watu wake wote. Wanafunzi tuko na magrupu ya WhatsApp mpaka yanatuchosha. Kinakosa mtu wa kwanza mwenye anaijua saa na anakubali kuisema.

Siku ile ya mfuko wa udongo nilimukaribia yule polisi, nikamuuliza kwa heshima: "Papa, watafungua saa ngapi?" Alitazama barabara, akatazama mfuko wangu, akasema: "Mutoto yangu, hata mimi nangojea hapa tangu saa kumi na mbili. Na sijui nitarudi nyumbani na nini."